Hema la Milango Miwili

Hebu niambie wewe unayesoma: mwanamke mwenye wajukuu akitaka kwenda mahali, anaomba ruhusa kwa nani? Baba yangu alishazikwa, mama yangu alishazikwa. Mume wangu naye ametangulia, Mungu amrehemu, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa, alikuwa akisema tu, "Ukirudi nikute chai." Sasa nimwombe nani? Nimwombe niliyemnyonyesha?

Nilijiuliza hayo nikiwa nimesimama na ufagio mkononi mbele ya hema. Mchanga nilikuwa nimeshaufagia, umekaa mistari mistari kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Ndipo nikaliona gari la mwanangu linakuja. Nililijua kwa ule mlango wake mmoja wa rangi tofauti. Lilikuwa linayumba kwenye mchanga kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

"Fundi," nikaita. "Wageni."

Fundi akatoa kichwa kwenye mlango wake. Nimesema mlango wake kwa sababu hema letu lilikuwa na milango miwili.

"Wageni gani huku?"

"Wanangu."

Akarudisha kichwa ndani. Nikamsikia anatafuta viatu.

Mimi ni dobi. Kibanda changu cha pasi kinatazamana na karakana ya Fundi, barabara tu ndiyo inayotutenga. Yeye anashona maturubai ya malori. Ukiona lori limefunikwa likafunikika, kona zimekaa na kamba hazipigi kelele kwa upepo, basi huenda huo ni mkono wake. Miaka mingi nimepiga pasi nikimtazama anashona, naye ameshona akinitazama ninavyopiga pasi, na kila mmoja wetu akijifanya anatazama barabara. Tulipofiwa, mimi kwanza kisha yeye, tulipelekeana chakula kwenye sahani zilizofunikwa. Watu wakaacha kuja kutupa pole, lakini sahani zikaendelea kwenda na kurudi.

Siku moja akavuka barabara, kofia ameishika mkononi.

"Jirani, maisha yangu yote nashona vifuniko vya safari za watu. Mimi mwenyewe sijaenda popote."

"Unataka kwenda wapi?"

"Kuna hifadhi moja huko pwani. Watu wanakwenda kulala kwenye mahema. Hakuna hoteli, hakuna umeme, hakuna duka. Bahari, miti na ndege, basi. Nimeshona hema. Sasa nilikuwa nafikiri..."

"Nitakuja."

"Hata sijamaliza, Jirani."

"Umemaliza. Tunaondoka lini?"

Pasi nilikuwa nimeisahau mezani juu ya shati la mteja, jeupe, la mikono mirefu. Shati likaungua mgongo mzima. Sikuwahi kuunguza nguo ya mtu, lakini siku ile niliitazama ile alama ya pasi nikacheka peke yangu.

Nilipowaambia wanangu naenda kupiga kambi, wakacheka. Walidhani ni utani wa kikongwe. Nikarudia, wakacheka tena. Mtu akicheka habari yako mara mbili, utamlazimisha aiamini? Nikafunga mzigo wangu: godoro, birika, jiko la mkaa, kigoda, ufagio. Fundi akaniuliza ufagio wa nini. Nikamwambia watu hawalali mahali pasipofagiwa.

Na mahali penyewe ni hivi. Unaacha barabara kubwa, unakata njia ya kokoto inayovuka mkono wa bahari, mikoko huku na mikoko huku, kisha unafika kwenye mivinje mirefu iliyosimama kama watu wanaosubiri habari. Kuna mawe yaliyopakwa chokaa, kila jiwe na namba yake, hapo ndipo unapoweka hema. Mawe ya jirani yalikuwa na mahema ya vijana. Choo ni cha shimo, cha mbao, mlango hauna kitasa. Bafu ni la makuti, unaingia na ndoo yako na kopo lako. Maji ya kunywa yanatoka kwenye tangi la mvua, na kaa wakubwa wanatembea kambini kama wenye nyumba. Wanaiba. Mmoja alibeba kijiko changu cha chai, nikamfukuza mpaka kwenye shimo lake, akaingia nacho.

Hema lenyewe Fundi alilishona kwa turubai la kijani la lori, zito, lenye macho ya shaba pembeni ya kupitishia kamba. Upepo wa bahari ulipuliza ukachoka. Ndani, katikati, aliweka ukuta wa turubai lilelile, ameushona kuanzia paa mpaka chini kwa mshono wa mara mbili, hauna tundu. Mlango wangu ulitazama bahari, wake ulitazama mikoko.

"Ili mtu asipate la kusema," akaniambia.

"Na mvua?"

"Mvua haipiti hapo."

"Na maneno?"

Akajikuna kichwa. "Maneno yanapita."

Kweli yalipita. Jioni tulizungumza kila mtu akiwa kwake. Yeye anasimulia habari za madereva na mizigo yao, mimi nacheka mpaka nashika mbavu. Lakini neno moja halikupita, na lilikuwa langu. Lilikaa kooni. Kila likifika kwenye meno nalirudisha. Nilitaka awe mume wangu. Nilitaka alitamke yeye, mimi niitikie, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Lakini Fundi ni mtu wa kupima, akapima tena, akaweka chaki, akafuta chaki. Mkasi hashiki.

Sasa gari likasimama. Mwanangu wa kiume tulimpa jina la Meneja tangu anajifunza kutembea, kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha kidole na kuagiza. Amekua, anauza vipuri vya magari, na kidole hakijashuka. Nyuma yake akashuka dada yake mkubwa, mkunga, amevaa sare ya kazini, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu.

"Mama!" Meneja akaita kabla hajafunga mlango.

"Salamu imebaki njiani?"

"Shikamoo, Mama. Mama, hiki ni nini?"

"Marahaba. Hili ni hema."

"Naona kwamba ni hema!"

"Basi umejijibu."

Mkunga akaja akanishika mabega, akaniangalia uso, akaniangalia mikono, kama anayekagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. "Mama, simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka chaji imekwisha. Nilijua umekufa."

"Hapa simu inashika juu ya kile kilima cha mchanga tu, tena ukisimama kwa mguu mmoja."

"Mama, usifanye mzaha. Mama wa dukani ndiye aliyetuambia. Amekuona umepanda pikapu na huyu mzee, na godoro nyuma."

"Niliwaambia naenda kupiga kambi."

"Tulijua unatania!"

"Na leo mnajua nini?"

Meneja alikuwa ameanza kulizunguka hema. Akapotelea upande wa pili, na huko akakutana na mlango wa pili, na mwenye mlango anatoka. Fundi alikuwa amevaa shati safi, amefunga vifungo mpaka shingoni, na vifungo vimepishana.

"Karibuni, wanangu," Fundi akasema.

"Sisi si wanao."

"We Meneja!" Nilisikia sauti yangu imepanda kuliko mivinje. "Huyo mzee unayemjibu hivyo ndiye aliyekushonea begi la shule, na mpaka leo halijachanika."

"Mama, habari za begi zimetoka wapi sasa?"

"Zimetoka kwenye mgongo wako, ulikolibeba!"

Mkunga akageuka pembeni. Nilimwona anauma mdomo asicheke. Lakini Meneja kidole kilikuwa juu. "Mama, panda gari. Tunaondoka."

"Mnaondoka nyie. Safari njema."

"Mama, sijaja hapa kubishana."

"Nami sijakuita."

Hapo akatokea askari wa hifadhi, msichana mrefu aliyevaa buti za mpira mpaka magotini, filimbi shingoni. Alikuwa anatafuna jani fulani, akalitema kwa adabu pembeni kabla ya kusema.

"Hilo gari haliondoki."

"Nani amesema?" Meneja akauliza.

"Bahari. Mmepita wa mwisho wakati maji yanajaa. Njia imeshafunikwa. Itafunguka alasiri, nitapuliza filimbi."

"Mimi nina duka la kufungua!"

"Kaka, kalifungue kwa kuogelea," akasema, akaenda zake.

Meneja hakuamini. Akaenda kuangalia mwenyewe. Tukamwona anakwenda, amejikaza, na tukamwona anarudi, suruali imelowa mpaka mapajani, kiatu kimoja mkononi. Hakuna aliyemuuliza kingine kiko wapi.

Basi mgeni ni mgeni hata akija kukukamata. Nikawasha mkaa, nikabandika birika, nikachemsha mayai na viazi. Fundi akaenda kuchota maji kwenye tangi, akaanika suruali ya Meneja kwenye kamba ya hema, akampa kikoi chake cha kujifunga. Tukala, kila mmoja akitazama sahani yake. Kaa wakaja kuchukua maganda ya mayai, na hata wao walitembea kwa tahadhari.

Meneja alipomaliza chai akavuta kigoda changu, akakikalia, akiwa amejifunga kikoi cha mtu anayetaka kumhukumu. Fundi alikuwa amekaa kwenye mchanga. Nikaona jinsi dunia inavyogeuka: kijana juu ya kigoda, mzee chini, kama posa iliyowekwa kichwa chini miguu juu.

"Mzee," Meneja akaanza, "tuzungumze kama wanaume."

"Tuzungumze."

"Mtaani watu wanasema. Mama yetu ana heshima yake. Ametulea peke yake, hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole."

"Ni kweli kabisa," Fundi akasema.

"Kwa hiyo nakuuliza mbele yake. Nia yako kwa mama yetu ni nini?"

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria. Kilikuwa cha moto na sikukiweka chini. Moyo ulipiga kama cherehani ya Fundi akiwa na haraka. Nikasema ndani yangu: hapa hapa, Fundi. Mlango amekufungulia huyuhuyu aliyekuja kuufunga. Ingia.

Fundi akaniangalia. Yale macho, msomaji, mimi nayajua. Ndiyo yaliyonitazama ng'ambo ya barabara siku zote, ya mtu anayeona maji na kuona kiu yake. Kisha akayashusha, akatazama viganja vyake.

"Sina nia yoyote, mwanangu," akasema. "Mimi na mama yenu ni majirani tu. Tumekuja kupumzika."

Meneja akanyoosha mgongo kama aliyeshinda kesi. "Umesikia, Mama?"

"Nina masikio."

Nikakusanya sufuria, sahani na vikombe, hata vile visivyochafuka, nikaviweka kwenye beseni, nikashuka nalo mpaka ukingoni mwa maji. Nikapiga magoti nikaanza kusugua kwa mchanga. Nilisugua ile sufuria kwa hasira mpaka masizi ya miaka yakatoka.

Nikasikia nyayo. Nikajua ni nani kwa vile zilivyosita.

"Jirani."

Nikaendelea kusugua.

"Jirani, umekasirika."

"Nimekasirika? Nakasirika kwa nini? Majirani hawakasirikiani. Wanaazimana chumvi."

Akachuchumaa, akachukua kikombe akaanza kukiosha, ingawa kilikuwa safi. "Ulitaka niseme nini mbele ya watoto?"

"Kilichomo moyoni mwako."

"Wangenitukana. Halafu wangekutukana wewe. Nilikuwa nakusitiri."

"Umenisitiri!" Nikaweka sufuria chini. "Fundi, mimi nimesitiriwa mpaka nimeota ukungu. Marehemu alipoondoka, nikasitiriwa na kilio. Kilio kikaisha, nikasitiriwa na watoto. Watoto wakakua, nikasitiriwa na wajukuu. Sasa na wewe umekuja na turubai lako. Mimi si mzigo wa lori!"

Wimbi dogo likaja likachukua kikombe chake, akakikimbilia, akarudi amelowa.

"Mimi naogopa, Jirani," akasema polepole. "Nikisema, halafu wanao wakakataa, na wewe ukawasikiliza, nitafanyaje? Nitarudi karakana nitazame ng'ambo nione kibanda kimefungwa dirisha? Bora nisiseme, dirisha libaki wazi. Nimezoea kukuona. Asubuhi nisipouona moshi wa pasi yako, siku nzima sindano inanichoma."

Maneno yale yaliniingia kama maji ya moto kwenye kifua chenye baridi. Nilitaka kumshika mkono. Lakini nilikuwa na hasira bado, na hasira yangu ni kama pasi ya mkaa, haipoi kwa kupulizwa.

"Basi endelea kutazama moshi," nikamwambia. Nikabeba beseni nikapanda.

Juu nikamkuta Mkunga amesimama ananingoja, anahama mguu huu na huu.

"Mama, choo kiko wapi?"

"Kule. Twende nikushikie mlango, hauna kitasa."

Tukaenda. Akaingia, nami nikaegemeza mgongo kwenye mbao nikausukuma mlango usifunguliwe na upepo. Mtu mzima, mkunga anayezalisha wenzake, lakini akauliza kama alivyouliza akiwa mdogo:

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Usiondoke."

"Siondoki."

Kisha sauti ikatoka kwenye nyufa za mbao. "Mama, unampenda?"

Watu wanaona haya kuulizana mambo hayo uso kwa uso. Pale alikuwepo mlango, nikajibu.

"Nampenda."

"Na baba?"

"Baba yako nilimpenda akiwa hai, nikampenda akiwa mgonjwa, nikamwosha mwenyewe mpaka siku ya mwisho. Sikumpunguzia hata tone. Kinachobaki si chake, mwanangu. Ni changu."

Nikasikia anavuta kamasi. Nikadhani ni harufu ya pale.

"Unalia?"

"Silii. Mama, nikikuambia kitu utanichukia."

"Umeshanileta mpaka chooni. Sema."

"Mimi kilichonileta si habari ya mtaa wala heshima. Huyo ni Meneja. Mimi nilipoambiwa umepanda gari na mwanamume, kitu cha kwanza nilichofikiria ni zamu zangu. Nikasema, sasa nani atalala na watoto wangu nikiwa kazini? Sikuwaza kwamba una furaha. Niliwaza zamu. Njia nzima nimemwacha Meneja aongee heshima, heshima, na mimi naitikia, kwa sababu ni aibu kusema kweli."

Nikaegemeza kichwa kwenye mbao. Ndege mmoja mwenye miguu mirefu alikuwa anatembea kwenye tope, anainua mguu, anafikiri, anaushusha.

"Toka," nikamwambia.

"Umekasirika?"

"Toka nikuone."

Akatoka, uso umelowa. Nikampangusa kwa upindo wa kanga, nikamtengeneza kola ya sare, maana ilikuwa imekunjika upande mmoja na mimi siwezi kuona kola imekunjika nikaiacha.

"Wanao ni wajukuu zangu. Nitakaa nao. Lakini nitakaa nao nikiwa mtu, si kama kufuli la mlangoni. Utaniuliza kwanza kama nina nafasi. Na siku nitakayosema sina, utatafuta njia nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na babu yao wa kushona mahema watampenda. Wewe subiri tu."

Akacheka huku analia. "Lakini Mama, mwenyewe amesema hana nia."

"Huyo niachie mimi," nikasema, ingawa wakati ule sikujua nitamfanyaje.

Mchana ukapita. Joto likashuka, vivuli vya mivinje vikarefuka mpaka majini. Meneja alikuwa amelala ndani ya gari, milango wazi, miguu nje. Fundi sikumwona. Ndipo maji yakaanza kupwa, taratibu, tope likatokea, kokoto zikatokea, na filimbi ya yule askari ikalia.

Meneja aliwasha gari filimbi haijaisha. Akavaa suruali yake huku anarukaruka kwa mguu mmoja. "Mama! Mzigo wako uko wapi? Dada, msaidie Mama na godoro."

Nikageuka kulitazama hema, nikaona upande mmoja umelala. Fundi alikuwa amepiga magoti anafungua kamba. Alianza na upande wangu. Kigingi kimoja kilikuwa kimeshang'olewa, na turubai limeanguka mbele ya mlango wangu. Alikuwa anafanya kazi polepole, kidole baada ya kidole, kama mtu anayefungua kidonda.

"Unafanya nini?"

Hakuinua uso. "Nakurahisishia, Jirani. Gari limewashwa."

"Nani amekwambia naondoka?"

"Wanao wametoka mbali..."

"Nimekuuliza nani amekwambia!"

Meneja akapiga honi. "Mama, maji hayasubiri!"

"Yana adabu kuliko wewe!" nikamjibu. "Yanakwenda na kurudi na hayapigi honi!"

Mkunga alikuwa amesimama katikati yetu na gari, godoro hajaligusa. Akamwendea kaka yake dirishani. "Zima gari."

"Dada, tulikubaliana..."

"Zima, Meneja. Mwache Mama aseme."

Gari likazimika. Mivinje ikasikika. Vijana wa mahema ya jirani walikuwa wanakunja vitu vyao, wakaacha kukunja wakasimama. Sikujali. Nikachukua kile kigingi kutoka mkononi mwa Fundi, nikakichomeka palepale kilipokuwa, nikaokota jiwe, nikakipigilia. Nilikipigilia mpaka kikazama. Nikaipitisha kamba, nikaikaza, turubai likainuka, mlango wangu ukasimama tena ukitazama bahari. Kisha nikanyoosha mgongo, nao ukalia kama mlango wa zamani.

"Fundi, simama."

Akasimama, magoti yamejaa mchanga.

"Leo mwanangu alikuuliza nia yako, ukasema huna. Sawa. Hilo ni jibu lako. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza. Tangu nijifungue huyu dada mtu, sijawahi kuulizwa nia yangu. Wananiuliza funguo ziko wapi, shati la bluu liko wapi, nani atabaki na watoto. Basi leo nitajibu bila kuulizwa."

"Mama, taratibu," Meneja akasema kutoka garini. Kidole kilikuwa kimeshuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, ile ya mtoto aliyeamka hajaona mtu chumbani, na roho yangu ikamwonea huruma. Lakini sikurudi nyuma.

"Taratibu nimekwenda nayo umri wote, mwanangu. Imenifikisha kwenye meza ya pasi. Kama unataka kunisusia, nisusie, mimi ni mama yako hata ukinuna, na mlango wangu hautakuwa na kufuli kwako. Lakini gari lako silipandi leo. Nikirudi mjini nitarudi mchana kweupe, mbele ya huyo mama wa dukani, nimekaa mbele na si nyuma kwenye godoro."

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa ananitazama, na safari hii hapakuwa na barabara katikati wala lori la kupita likatukata. Midomo yake ilifunguka, ikatafuta, ikakosa. Nikaona kwamba nikimngoja apime tena, jua litazama na maji yatajaa. Na lile neno langu likapanda, likafika kwenye meno, na safari hii sikulirudisha.

"Nakutaka wewe," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye gari. "Nataka uwe mume wangu."